Pumu ya mjukuu wangu: ni damu yangu au ni moshi wa nyumba yangu?

Barua

Assalamu alaikum mwanangu.

Mimi ni bibi wa miaka 64, mkaazi wa Langoni hapa Lamu, katika nyumba ya mawe aliyoniachia marehemu mume wangu. Alikuwa fundi wa majahazi, mtu wa Matondoni. Nimejaaliwa watoto wanne. Binti yangu wa tatu yuko Saudia mwaka wa tatu huu, anafanya kazi za nyumbani, na wanawe wawili ninao mimi: msichana wa miaka 8 na mvulana wa miaka 6. Nakuandikia kwa ajili ya huyu mdogo. Saa hizi amelala kwa kuegemezwa mito mitatu, maana nikimlaza chali kifua kinambana. Nikimwangalia mbavu zinavyovuta, na mimi nabanwa, sijui kama ni pumu yangu au ni huruma.

Pumu mimi ninayo tangu utotoni. Mamangu alikuwa akinitoa kiwandani, ule uwanja wazi wa ndani ya nyumba, usiku wa manane nipate hewa, akinikanda mgongo kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto mpaka alfajiri. Wanangu wote wanne hakuna hata mmoja aliyeipata. Nikashukuru, nikajua imekwisha na mimi. Kumbe imeruka mtu, ikamwangukia mjukuu.

Ilimuanza akiwa na miaka 4. Kikohozi cha usiku kwanza, kisichokwisha, halafu kifua kikaanza kulia kama filimbi. Wakati wa Maulidi bibi yake wa upande wa baba alikuja kutuzuru, akalala kwetu siku mbili. Usiku mtoto akabanwa. Asubuhi, mbele ya wageni, bibi yule akasema: "Kwetu hakuna mtu wa kifua. Hii imetoka huku." Hakusema zaidi, na mimi sikuwa na la kujibu. Tangu siku hiyo mkwe wangu, baba wa watoto, anataka mtoto akaishi Malindi kwa dada yake, ati atolewe kwenye nyumba yenye pumu. Naye ana ushahidi: likizo ya Aprili mtoto alikaa Malindi wiki tatu, hakukohoa hata usiku mmoja. Aliporudi, siku ya nne tu, akaanza.

Nikueleze nyumba, maana najua utaniuliza. Zamani nikipika juu, kwenye kidari cha meko chini ya makuti. Mwaka juzi magoti yalinishinda ngazi, nikateremsha jiko la makaa, sasa napikia kiwandani, na mvua ikinyesha nalisogeza msanani, ukumbi ulioezekwa kando yake. Mvulana analala na mimi ndani, kile chumba cha mwisho kisicho na dirisha, kwa sababu anaogopa kulala peke yake. Dada yake analala juu na mamake mdogo, wao wana madirisha mawili. Usiku nachoma dawa ya mbu, ile ya mviringo. Chandarua kipo, lakini ndani mle kina joto, tunakikunja. Kila Alhamisi usiku nafukiza udi na ubani, ndivyo nilivyolelewa. Paka wetu amezalia chini ya kitanda. Mwanangu wa mwisho anavuta sigara lakini havutii ndani ya nyumba, huvutia dakani, pale mlangoni.

Baba yake mtoto hana pumu. Ana mafua tu: akipita penye vumbi hupiga chafya mpaka machozi yamtoke. Mtoto mwenyewe alipokuwa mchanga alikuwa na ukurutu mashavuni na kwenye mikunjo ya viwiko, ukaisha akiwa na miaka 2.

Hospitali walimpa inhela mbili, ya bluu na ya kahawia. Ile ya kahawia nilimpa siku tano, sikuona tofauti yoyote, na jirani akaniambia ina homoni, itamfanya asirefuke, nikaiweka kabatini. Ya bluu nampa akibanwa, lakini kwa hofu, maana wanasema mtoto akiizoea hawezi tena kuishi bila hiyo. Nampa na mafuta ya habasoda kijiko asubuhi.

Nisaidie kwa haya. Je, ni mimi niliyempa pumu? Kama ni damu, mbona dada yake, tumbo moja baba mmoja, ni mzima? Na je, nimwache aende Malindi akapone?

Bibi wa Langoni, Lamu

Jibu

Wa alaikum salaam, bibi yangu, na shikamoo.

Hukumpa mjukuu wako pumu. Nalisema hili kwanza kwa sababu barua yako yote, hata pale unapoeleza jiko na paka, inauliza swali hilo hilo. Kilichopita katika damu yako, kama kilipita, ni wepesi wa kifua kuchokozeka. Kutoka wepesi huo hadi mtoto kulala na mito mitatu kuna safari, na sehemu kubwa ya safari hiyo imo katika vitu ulivyonitajia mwenyewe kwa mkono wako.

Ni kweli pumu hutembea katika ukoo. Mtoto ambaye mzazi au bibi yake anayo yuko karibu nayo zaidi kuliko mtoto wa ukoo usio nayo. Lakini haitembei kama magonjwa mengine ya kurithi tunayoyajua huku pwani. Chukua selimundu. Ule ni ugonjwa wa jeni moja: baba akiibeba na mama akiibeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa, ale nini, alale wapi, haibadiliki. Pumu haina jeni moja. Zimekwisha kutambuliwa sehemu nyingi za urithi wetu zinazohusika nayo, na kila moja huongeza kidogo tu. Mtu anaweza kuzibeba nyingi akafika uzeeni bila kukohoa. Hata mapacha waliotoka yai moja, wenye jeni zile zile, mmoja huwa na pumu na mwenzake akawa hana. Kama damu peke yake ingetosha, hilo lisingetokea.

Na hiyo damu, bibi, haikutoka upande mmoja. Umeniandikia mambo mawili bila kuyapa uzito. Baba wa mtoto hupiga chafya kwenye vumbi mpaka machozi yamtoke. Mtoto alikuwa na ukurutu mashavuni na viwikoni alipokuwa mchanga. Mafua ya mzio, ukurutu na pumu ni watoto wa nyumba moja. Huandamana katika ukoo, na mtu mmoja huweza kupata hiki, nduguye akapata kile. Kwa hiyo huyu mvulana ameokota pande zote mbili, kwako na kwa baba yake. Sikuandikii haya ili upate la kumjibu yule bibi wa upande wa baba mbele ya wageni. Nakuandikia ili nyote muache kutafuta mwenye makosa, maana muda huo mtoto anakohoa.

Marehemu mumeo alikuwa fundi wa majahazi, basi niruhusu niseme kwa lugha ya kazi yake. Majahazi mawili yakitoka kwa fundi mmoja, moja huweza kuwa na mishono iliyokaza na jingine ikawa imelegea kidogo. Yakiwa yametia nanga kwenye maji matulivu, huwezi kuyatofautisha. Ukija mkondo na wimbi la kusi, lile la mishono iliyolegea huanza kuingiza maji. Mishono ndiyo urithi. Wimbi ni hewa anayoivuta: moshi, vumbi, mafua ya shuleni, ukungu wa kuta. Huwezi kulirudisha jahazi kwa fundi likaundwe upya, lakini unaweza kulitia kalafati, ile pamba ya kuzibia mishono, na unaweza kuchagua maji ya kulipitisha.

Watafiti wameliona hili kwa karibu. Mwaka 2007 ilitangazwa kwamba kipande fulani cha kromosomu ya 17, penye jeni inayoitwa ORMDL3, kinahusiana na pumu inayoanza utotoni. Mwaka uliofuata, uchunguzi wa familia za Ufaransa ukaonyesha kwamba athari ya kipande hicho ilikuwa na nguvu zaidi kwa watoto waliovuta moshi wa sigara za watu wengine walipokuwa wadogo. Baadaye ikaonekana pia kwamba huenda pamoja na mafua makali ya utotoni, yale yanayofanya kifua cha mtoto mchanga kilie. Damu na hewa hazikai mizani mbili tofauti ukapima ipi nzito. Moja huipa nyingine nguvu.

Kuna kisiwa kusini mwa Atlantiki kiitwacho Tristan da Cunha, kidogo mno, wakaazi wake hawafiki 300, wote wa ukoo wa watu wachache waliohamia huko karne ya 19. Baadhi ya wale wa mwanzo walikuwa na pumu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walipowapima wakaazi katika miaka ya 1990, walikuta zaidi ya nusu yao wana pumu au dalili zake. Katika kisiwa cha bahari safi, bila viwanda! Hapo damu ndiyo iliyosema kwa sauti kubwa.

Sasa linganisha na hili. Huko Marekani kuna jamii mbili za wakulima, Amish na Hutterite, ambao mababu wao walitoka Ulaya na jeni zao zinafanana sana. Wote hawafugi mbwa na paka ndani, wote hawavuti sigara kwa wingi, wote huzaa watoto wengi. Tofauti yao ni kilimo: Amish wanalima kwa farasi na kukamua ng'ombe jirani na nyumba, watoto wakiingia zizini tangu wachanga, na Hutterite wanalima kwa mashine, mifugo ikiwa mbali. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulitaja pumu kwa watoto wa shule wa Amish kuwa kama asilimia 5, na kwa wa Hutterite asilimia 21. Damu karibu moja, pumu mara nne. Vumbi la nyumba za Amish, lililojaa vijidudu vya zizini, lilikuwa limeifundisha miili ya watoto wao kutochokozeka ovyo.

Najua Lamu wapo watakaosoma hapa na kusema, basi na sisi tuna punda mlangoni, mbona mtoto huyu anaugua? Kinga ile hujengwa mapema, tangu tumboni na mwaka wa kwanza, na hujengwa kwa mengi kwa pamoja. Kifua kikishakuwa kigonjwa, vumbi la punda huweza kuwa uchokozi kama vumbi jingine. Tafadhali mtu asimpeleke mtoto mwenye pumu kwenye zizi kumtibu.

Swali lako la pili, la dada yake. Ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki takriban nusu tu ya kile wazazi walichonacho cha kugawa, kila mimba inachanganywa upya. Ndiyo maana mmoja huchukua pua ya babu na mwingine sauti ya shangazi. Tena kabla ya kubaleghe wavulana hupata pumu zaidi kuliko wasichana. Lakini bibi, tazama na vitanda vyao. Msichana analala juu, madirisha mawili, upepo wa bahari unapita. Mvulana analala ndani, chumba kisicho na dirisha, na moshi wa dawa ya mbu, na paka chini ya kitanda. Umesema wanaishi nyumba moja. Kwa mapafu yao hawaishi nyumba moja.

Na kuna tarehe. Jiko uliliteremsha mwaka juzi. Mtoto alianza kuugua akiwa na miaka 4, naye sasa ana 6. Sisemi jiko ndilo lililoleta pumu, huenda ingekuja hata hivyo. Nasema mama zetu waliojenga kidari cha meko juu kabisa ya nyumba walijua wanachokifanya: moshi ulitoka kwenye makuti ukaenda zake. Sasa unaanzia chini, kiwandani, unajaa msanani, na unaishia ndani, kule usikoweza kutokea. Sikuambii upande ngazi kwa magoti hayo. Waambie wanao, na yule wa Saudia, kwamba hela ya kwanza itakayopatikana ni ya mtungi mdogo wa gesi. Mpaka upatikane, jiko liwashiwe nje, liletwe kiwandani makaa yakishaiva na moshi umekwisha, mtoto asikae karibu wakati wa kupika, na lisiingie msanani hata mvua ikinyesha. Hata makaa yaliyoiva, yasiyoonyesha moshi, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Kwenye chumba kisicho na dirisha huua watu usingizini, wenye pumu na wasio nayo.

Hata kabla ya jiko, leo hii usiku, acha ile dawa ya mbu ya mviringo. Watafiti waliwahi kupima moshi wake, wakakuta kimoja kikiungua mpaka mwisho hutoa chembe laini za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Rudia namba hiyo kwa sauti, bibi. Mwanao anavuta sigara dakani kwa heshima ya mtoto, na ndani, futi mbili kutoka puani mwake, inaungua pakiti baada ya pakiti mpaka alfajiri. Wala sitaki mtoto aumwe na mbu, malaria si mzaha. Chandarua kishushwe kila usiku. Kama joto halivumiliki ndani mle, basi hapo ndipo pa kubadilisha: mtoto ahamie juu kwa dada yake. Anaogopa kulala peke yake, lakini kule hatakuwa peke yake. Nadhani wewe ndiye utakayeona uchungu zaidi siku za kwanza.

Kijana wako ashukuriwe kwa kutovutia ndani, lakini daka ni mdomo wa nyumba, upepo wa bahari unausukuma moshi mle mle. Avutie mbali, abadilishe shati kabla ya kumpakata mtoto, na kama ataweza kuacha, aache. Ningependa umsomee kile kifungu cha familia za Ufaransa.

Udi ndio ulionisumbua kuuandikia. Mimi nimelelewa na harufu hiyo, najua Alhamisi bila ubani si Alhamisi. Moshi ni moshi lakini, hata ukinukia. Fukiza mchana watoto wakiwa chuoni au skuli, milango wazi, na umalize masaa mawili au matatu kabla hawajarudi. Siku mtoto anapokohoa, ruka wiki hiyo. Vikuba vya rehani na asmini vinaweza kukaa badala yake, mradi umchunguze kama havimkeri.

Paka atoke chumbani. Si kila mtoto wa pumu anakerwa na paka, na kumtoa kwenye nyumba za Lamu nzima ni ndoto, lakini kitandani asiwepo. Mito na godoro la sufi vianikwe juani, shuka zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto. Ukiona ukungu mweusi ukutani baada ya masika, usugue kwa maji ya sabuni mtoto akiwa hayupo, kisha paka chokaa.

Malindi sasa. Nimekulia huko, bibi, na nakuhakikishia watoto wenye pumu wapo, na usiku hospitalini nimewaona wamekaa vitako kama alivyo wako. Bahari ni moja, kusi ni moja. Mjukuu wako alipanda gari Mokowe na jeni zake zote, akashuka nazo Malindi. Kilichobaki nyuma ni moshi. Muulize shangazi yake: anapikia nini? Mtoto alilala chumba gani? Alichoma dawa ya mbu? Ilikuwa likizo pia, kwa hiyo hakuwa darasani akibadilishana mafua na watoto arobaini, na mafua ya kawaida ndiyo yanayoamsha pumu ya watoto kuliko kitu kingine chochote. Wiki tatu zile hazikuwa tiba. Zilikuwa kipimo, na kimewapa majibu: kifua hiki kikipewa hewa nyepesi kinatulia. Basi mpeni hewa hiyo hapo Langoni kwanza, miezi mitatu, kabla ya kumtenga na dada yake na wewe, wakati mama yake tayari yuko mbali.

Lakini hewa peke yake haitatosha, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini kuliko kote. Kwenye jahazi linalovuja kuna kazi mbili. Kuna kukumba maji ngamani, kule chini ya chombo yanakojaa, na kuna kutia kalafati. Inhela ya bluu ni kukumba maji: inalegeza misuli ya njia za hewa kwa dakika chache, mtoto anapumua, lakini mshono uko vile vile. Ya kahawia ni kalafati. Inapunguza uvimbe ulio ndani ya njia za hewa, taratibu, na kazi yake huonekana kwa wiki, si kwa siku tano. Ndiyo maana hukuona tofauti. Hakuna fundi anayeacha kalafati kwa sababu maji hayakukauka siku ile ile. Anayemkumbia mtoto maji kila usiku bila kuziba, siku moja maji yatamshinda. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu 455,000 waliokufa kwa pumu, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako dawa hii ya kuziba haiwafikii au haitumiki. Na wako ipo kabatini.

Kuhusu kimo, jirani hakusema uongo wote. Watoto wanaotumia dawa hii kwa miaka hupungua kimo kwa takriban sentimita 1 wakiwa watu wazima. Pumu isiyotibiwa nayo hudumaza, na huondoa usingizi, mchezo na masomo. Mimi ningechagua sentimita hiyo moja. Uraibu haupo, si wa bluu wala wa kahawia. Ila akihitaji ya bluu mara kwa mara, hiyo ni ishara kwamba kalafati haitoshi, na daktari aambiwe. Angalia tarehe ya kuisha kwenye ile ya kahawia, umrudishe mtoto kliniki wiki hii na inhela zote mbili mkononi, waseme kipimo cha kila siku, nawe uwaambie ukweli kwamba uliisimamisha. Habasoda mpe kama chakula ukipenda, isichukue nafasi ya dawa.

Waombe pia wakuonyeshe namna ya kumpulizia, maana inhela ikipulizwa moja kwa moja mdomoni mwa mtoto wa miaka 6, dawa nyingi huishia ulimini. Inahitaji chemba ya kupitishia. Ikikosekana, chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita inafanya kazi hiyo: madaktari wa Afrika Kusini walilipima hili na kulichapisha mwaka 1999, chupa iliyozibwa vizuri ikafanya sawa na ile ya dukani. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta. Kata tundu kitakoni mwa chupa, lenye umbo la mdomo wa inhela ili iingie kwa kubana, zungushia utepe pasivuje. Tikisa inhela, mtoto afumbe midomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi polepole mara tano au sita. Ndipo bonyezo la pili kama limeandikwa. Baada ya ya kahawia asukutue na kutema.

Akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, ngozi ikizama katikati ya mbavu, midomo ikibadilika rangi, akilegea, au ya bluu isipomsaidia ama ikahitajika tena kabla ya masaa manne kupita, usingoje asubuhi wala usimngoje mtu. Mkalishe wima, mpelekeni hospitali, mkimpulizia ya bluu njiani. Panga tangu leo nani atakayembeba usiku, maana wewe magoti hayakuruhusu.

Wewe mwenyewe unaandika kwamba unabanwa. Pumu ya miaka sitini haijakoma kwa kunyamaziwa. Siku mtakayokwenda kliniki, na wewe upimwe.

Mkwe wako mpigie simu wewe, usingoje yeye. Usianze na damu. Mwambie umeacha dawa ya mbu, mtoto anahamia juu, gesi inatafutwa, na umwombe achangie mtungi. Likizo ya Agosti mtoto aende Malindi kwa shangazi yake kama watoto wote waendavyo, na kwenye mkoba wake uweke inhela ya kahawia, inhela ya bluu, ile chupa, na karatasi yenye vipimo kwa mwandiko wa dada yake wa miaka 8, ambaye sasa analala naye na anajua anavyopumua.